Namna ya Kujenga Taaluma ya Hisabati Chuo Kikuu: Kutoka Shahada ya Kwanza hadi Uprofesa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana wa Tanzania, na kwa sehemu kubwa wa Kenya na Uganda pia, anayeipenda hisabati kiasi cha kutaka kuifanya kazi ya maisha yake: kufundisha chuo kikuu, kutafiti, kuandika makala na kulea wanahisabati wengine. Njia yenyewe ni ndefu. Tangu kuingia mwaka wa kwanza hadi kutunukiwa shahada ya uzamivu hupita kwa kawaida miaka minane hadi kumi na miwili, na kutoka hapo hadi uprofesa wengi huhitaji mingine kama hiyo. Nimewaona wenye akili kali wakikwama katikati, na mara nyingi hawakukwama kwa kushindwa hisabati. Walikwama kwa sababu walifika mahali ambapo hawakuwa na swali la utafiti linalowakosesha usingizi, au walikuwa nalo lakini hawakuwa na saa za kulifikiria. Ndiyo maana ushauri uliomo humu unarudi tena na tena kwenye mambo mawili, yaani kupata swali zuri na kuulinda muda wa kulishughulikia.

Shahada ya kwanza

Mwanafunzi aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), PGM (fizikia, jiografia na hisabati) au EGM (uchumi, jiografia na hisabati) kidato cha tano na sita anaweza kuingia kwenye shahada ya hisabati yenyewe, au shahada ya sayansi pamoja na ualimu, ambayo ndiyo iliyowatoa wahadhiri wengi wa hisabati nchini. Njia zote mbili zinafika, ila anayesoma ualimu ajue kwamba kozi za elimu huchukua nafasi ya baadhi ya kozi za hisabati, hivyo anapopewa uhuru wa kuchagua achague analisisi halisi, aljebra dhahania na nadharia ya uwezekano, hata kama zinaogopwa. Kozi hizo, pamoja na aljebra ya mstari na milinganyo ya diferensheli, ndizo zitakazoulizwa popote atakapokwenda kusoma baadaye.

Mabadiliko makubwa ya mwaka wa kwanza ni kuhama kutoka kwenye kukokotoa kwenda kwenye kuthibitisha. Sekondari mwanafunzi hufaulu kwa kupitia mitihani iliyopita na kuzoea aina za maswali, lakini chuoni anatakiwa aeleze kwa nini jambo ni kweli, kwa sentensi kamili, bila kuacha pengo. Njia ninayoiamini ni moja: kila wiki chagua theoremu moja iliyofundishwa, funga daftari, uiandike upya pamoja na uthibitisho wake kwa maneno yako, kisha mpe mwenzako aikosoe. Uliposhindwa kuandika ndipo ulipokuwa hujaelewa. Mwaka huohuo jifunze kuandika kwa LaTeX, programu ya bure ambayo msingi wake, TeX, ulitengenezwa na Donald Knuth kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo karibu majarida yote ya hisabati huitumia. Ongeza na lugha moja ya kompyuta, kama vile Python.

Kuna suala la alama, nalo ni la kusema wazi kwa sababu wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Matangazo ya kazi ya kuanzia uanataaluma katika vyuo vya umma Tanzania, ile nafasi ambayo vyuoni huitwa TA (Tutorial Assistant), kwa kawaida hudai GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, na nafasi ya Mhadhiri Msaidizi hudai 4.0 katika shahada ya uzamili. GPA hujumlisha miaka yote, hivyo muhula wa kwanza uliochezewa humfuata mtu hadi kwenye usaili. Aliyepungukiwa hajafungiwa dunia, maana vyuo vingi vya nje hutazama zaidi kozi za hisabati zenyewe na barua za walimu, lakini mlango wa nyumbani utakuwa mwembamba kwake.

Barua hizo za mapendekezo nazo hazianzi siku ya kuomba. Mwalimu anayekufahamu kwa jina na namba ya usajili tu ataandika mistari minne isiyosema kitu. Nenda ofisini kwake na swali ulilolifanyia kazi, mwonyeshe ulipokwama, omba akusimamie katika mradi wa mwaka wa mwisho, na ufike kwenye semina za idara hata kama utaelewa dakika kumi za mwanzo pekee. Walimu wawili au watatu wanaokujua hivyo ndio watakaokubeba kwa miaka mingi.

Uzamili, na uamuzi wa kubaki au kutoka

Nafasi za kazi katika vyuo vya umma Tanzania hutangazwa na kusimamiwa kwa sehemu kubwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Anayeipata nafasi ya TA anatarajiwa kwenda kusoma uzamili, hivyo asiridhike na mshahara wa kwanza akasahau safari. Wengine huanza na uzamili kabla ya kazi, na hilo halina ubaya wowote.

Kwa anayebaki katika ukanda huu, Dar es Salaam, Makerere na Nairobi zina programu za uzamili za muda mrefu, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha hufundisha hisabati tumizi na ya kompyuta. Kwa anayetaka kuonja mazingira mengine bila kulipa, yapo mambo mawili ambayo kila mwanafunzi mzuri anapaswa kuyaomba. La kwanza ni AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanzishwa Cape Town mwaka 2003 kwa juhudi za Neil Turok, ambayo sasa ina vituo katika nchi kadhaa, kikiwemo cha Kigali kilichofunguliwa mwaka 2016. Wanafunzi huishi na walimu mahali pamoja, hupokea wahadhiri wageni kutoka duniani kote, na ufadhili hugharimia masomo na maisha. La pili ni stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja ya ICTP mjini Trieste, Italia, kituo kilichoanzishwa na mwanafizikia Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Hiyo ya Trieste ni ngumu, na ugumu wake ndio faida: anayeimaliza vizuri huwa ameziba mapengo ya analisisi, aljebra na jiometri ambayo wengi wetu hutoka nayo nyumbani.

Kabla ya kuondoka, mwajiri wako akuandikie kama shahada au stashahada unayoifuata itakubalika kwa kupandishwa cheo. Programu fupi zenye insha badala ya tasnifu ndefu zimewahi kuleta mabishano kwenye kamati za ajira, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo inayothibitisha ulinganifu wa shahada za nje. Barua moja ya idara iliyoandikwa mapema huokoa miaka ya malalamiko.

Swali na msimamizi

Hapa ndipo mahali pa kutulia kuliko pengine popote, kwa kuwa uamuzi wa hapa hauponywi na bidii ya baadaye.

Idara nyingi za hisabati za Afrika Mashariki zimejaa utafiti wa mifano ya kihisabati ya magonjwa. Sababu zinaeleweka: malaria, UKIMWI na kipindupindu ni mambo yetu, wafadhili huyaelewa, na mfano wa msingi uliotolewa na Kermack na McKendrick mwaka 1927, unaogawa watu katika wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa na waliopona, unaweza kuanza kuchezewa na mwanafunzi anayejua milinganyo ya diferensheli. Tatizo ni kwamba tasnifu nyingi huishia kuongeza kundi moja jipya la watu kwenye mfano wa jana, kukokotoa namba ya msingi ya uambukizaji (wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza), kuthibitisha uthabiti wa hali ya kutokuwepo ugonjwa, na kuchora grafu kwa namba zilizokopwa kutoka makala nyingine. Tasnifu ya namna hiyo hupita, lakini haimwachii mwandishi wake swali la kuendelea nalo. Anayechagua njia hii, nayo ni njia ya heshima kabisa, atafute mojawapo ya vitu viwili. Ama awe na takwimu halisi na mtu wa kuzijadili naye, kwa mfano watafiti wa mbu na malaria wa Taasisi ya Afya Ifakara, ili mfano wake uweze kukosolewa na ukweli. Ama awe na swali la kihisabati ndani ya mfano ambalo jibu lake halijulikani na lingemvutia hata mtu asiyejali ugonjwa huo.

Hisabati tupu, yaani ile isiyolenga matumizi ya moja kwa moja, ina shida ya upande mwingine. Wasimamizi wa aljebra, topolojia, jiometri au nadharia ya namba ni wachache, na mwanafunzi anaweza kuwa peke yake nchini kwenye mada yake. Njia iliyofanya kazi vizuri ni ya kusajiliwa nyumbani huku ukiwa na msimamizi wa pili nje na kwenda kwake kwa miezi kadhaa kila mwaka. Mpango wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, EAUMP, ulioanza mwaka 2002 kwa msaada wa programu ya kimataifa ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, umewasomesha wengi kwa mtindo huo na kuendesha shule fupi za uzamili katika nchi zetu. Kwa wanawake, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lililopo Trieste, hutoa ufadhili wa uzamivu katika nchi za Kusini, na waombaji wa hisabati wanahitajika kuongezeka.

Mfano wa swali lililobebwa mbali ni wa Profesa Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata uzamivu wa hisabati. Mtiririko wa vimiminika ndani ya bomba alioushughulikia kwenye uzamili wake Dar es Salaam ndio uliompeleka hadi uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, na baadaye alifundisha Dar es Salaam, Rwanda na Arusha. Mwanafunzi anayebadili mada kila ngazi huanza kila mara na vitabu vya mwanzo, wakati mwenzake tayari yuko kwenye mpaka wa yanayojulikana.

Msimamizi achunguzwe kama mtu anavyochunguza familia anayotaka kuoa kwake. Tafuta makala zake za miaka mitano iliyopita katika zbMATH Open, hifadhidata ya machapisho ya hisabati iliyofunguliwa bure kwa wote mwaka 2021, na usome angalau moja. Uliza wanafunzi wake wa zamani, ana kwa ana, walimaliza kwa miaka mingapi na walikuwa wakimwona mara ngapi. Jina kubwa lenye majukumu ya utawala na wanafunzi kumi na wawili linaweza kukuacha ukisubiri maoni ya sura moja kwa mwaka mzima, ilhali mhadhiri mwandamizi asiyejulikana, anayetafiti kila siku, atakaa nawe ubaoni kila Alhamisi. Mchague huyo wa pili.

Anayeomba Marekani aanze maandalizi mwaka mmoja kabla, kwa kuwa maombi mengi hufungwa kati ya Desemba na Januari. Huko mtu anaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, husoma miaka mitano au sita, na kwa kawaida hulipwa posho kwa kusaidia kufundisha. Ujerumani na nchi za Nordiki mara nyingi humwajiri mwanafunzi wa uzamivu kama mfanyakazi. Unapomwandikia profesa usiyemjua, andika aya tatu tu: wewe ni nani, ni kitu gani mahususi ulichosoma katika makala yake na swali lililokujia, na unaomba nini. Barua ya kuwasifu watu hamsini kwa maneno yaleyale haijibiwi.

Kuandika na kuchapisha

Utamaduni wa uchapishaji wa hisabati haufanani na wa sayansi nyingine, na tofauti hizo humuumiza mwanahisabati anapopimwa na kamati yenye wanakemia na madaktari. Katika sehemu kubwa ya hisabati majina ya waandishi hupangwa kwa alfabeti, hivyo anayeanzia na herufi M mara nyingi hatakuwa mwandishi wa kwanza hata kama wazo lilikuwa lake, wakati kanuni za vyuo vingine humpa mwandishi wa kwanza alama nyingi zaidi. Chama cha Hisabati cha Marekani, AMS, kilitoa mwaka 2004 tamko rasmi linaloeleza desturi hiyo, na ninashauri kwa dhati uliambatishe kwenye jalada lako la kuomba kupandishwa, pamoja na barua za waandishi wenza zinazotaja mchango wako. Mkuu wa idara anayejali atalieleza jambo hili kwenye kamati ya ndaki kabla ya kuulizwa.

Tofauti ya pili ni muda. Mhakiki wa makala ya hisabati anatakiwa kufuatilia uthibitisho mstari kwa mstari, kwa hiyo kusubiri miezi sita, mwaka au zaidi ni kawaida. Uthibitisho wa Andrew Wiles wa theoremu ya mwisho ya Fermat, aliyoutangaza Juni 1993, ulikutwa na pengo wakati wa uhakiki, na akalijaza mwaka uliofuata akisaidiana na Richard Taylor kabla haujachapishwa mwaka 1995. Uhakiki wa namna hiyo ndio unaoipa hisabati uaminifu wake. Jarida linaloahidi jibu ndani ya wiki moja na kudai ada halijasoma uthibitisho wako. Majarida mengi mazuri ya hisabati hayamtozi mwandishi chochote, hivyo anayeombwa fedha akague kwanza kama jarida hilo limeorodheshwa zbMATH na kama anawajua kwa kazi zao hata wawili kati ya wahariri. Makala tatu katika majarida ya ulaghai zitakutia aibu siku watathmini wa nje watakapofungua jalada lako.

Kwa kuwa uhakiki huchelewa, weka nakala ya awali kwenye arXiv, hifadhi iliyoanza mwaka 1991 na inayosomwa na wanahisabati wote. Anayechapisha kwa mara ya kwanza huhitaji kuidhinishwa na mtu aliyekwisha kuweka kazi katika tawi hilo, na msimamizi wako anaweza kukusaidia. Afrika Matematika, jarida la Umoja wa Hisabati wa Afrika, ni mahali pazuri pa kupelekea kazi nzuri ya bara hili. Ukirudishiwa makala kwa kukataliwa, soma maoni, subiri siku mbili hasira ipungue, rekebisha yanayorekebishika na uitume kwingine ndani ya mwezi huo.

Saa za kufikiri

Mhadhiri mpya mwenye uzamivu hurudi nyumbani na kukabidhiwa darasa la mamia ya wanafunzi wa uhandisi au ualimu wa mwaka wa kwanza, mitihani ya kusahihisha hadi usiku, na baada ya muda mfupi uratibu wa mitihani au wa mafunzo kwa vitendo. Hakuna anayemdhulumu, idara zina watu wachache na wanafunzi ni wengi. Lakini hisabati haifanyiki katika nusu saa zilizobaki kati ya vikao. Inahitaji saa tatu au nne zisizokatizwa, na mtu aliyekaa mwaka mzima bila saa hizo hupoteza mshiko wa swali lake.

Omba kufundisha kozi ileile kwa miaka mitatu mfululizo, kwa sababu maandalizi ya mwaka wa kwanza hutumika tena na unabaki na muda. Tenga asubuhi mbili kwa wiki, ziandike kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni kama unavyoandika mihadhara, na uzifanyie kazi nje ya ofisi ikibidi. Anzisha semina ya kusoma, hata ya watu watatu, mnaopitia makala moja kwa muhula. Imewaokoa wengi walio peke yao kwenye mada zao. Halafu tumia milango iliyopo ya kutoka: ICTP ina mpango wa washirika unaomwezesha mwanahisabati anayefanya kazi katika nchi inayoendelea kwenda Trieste mara kadhaa katika kipindi cha ushirika wake, na CIMPA, kituo cha kimataifa cha hisabati kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1978, hufadhili shule za utafiti ambazo nyingine hufanyika Afrika. Wiki sita za likizo zilizotumika hivyo huzaa kuliko muhula wa vikao.

Kupanda vyeo

Ngazi za Tanzania baada ya TA ni Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na Profesa. Uhadhiri hudai uzamivu, na Kenya nayo iliuweka kama sharti kupitia tume yake ya elimu ya vyuo vikuu. Kutoka hapo kwenda juu hutazamwa machapisho tangu cheo cha mwisho, tathmini ya ufundishaji na huduma kwa chuo, na katika ngazi za juu hutazamwa pia wanafunzi wa uzamili na uzamivu uliowasimamia hadi wakamaliza. Soma kanuni za chuo chako mwaka unaoajiriwa, si mwaka unaoomba, kwa kuwa kuna mambo, kama vile tathmini za wanafunzi, ambayo hayawezi kukusanywa kwa kurudi nyuma. Fungua jalada siku ya kwanza na weka humo kila barua ya uteuzi, kila uthibitisho wa kupokelewa kwa makala, kila ratiba ya kozi uliyofundisha.

Kwa uprofesa, kazi zako hupelekwa kwa watathmini wa nje. Pale kanuni zinapokuruhusu kupendekeza majina, taja watu wanaotafiti kwenye tawi lako hasa na ambao hamjaandika pamoja, maana mtaalamu wa takwimu aliyeombwa kupima makala za topolojia atahesabu kurasa tu. Ambatisha maelezo ya kurasa mbili, kwa lugha ambayo mwanabiolojia kwenye kamati ataielewa, ya swali ulilolifuata na ulichokithibitisha. Ombi lisipopita, omba sababu kwa maandishi ndani ya muda wa rufaa uliowekwa na chuo, na uyafanyie kazi yaliyotajwa kabla ya kuomba tena.